Chokaa Pande Mbili

Ukikutana mjini Dodoma na mtu mzima mwenye heshima zake, amechomekea vizuri, lakini suruali yake imepakaa chokaa makalioni, usimcheke wala usihangaike kumwambia. Anajua. Ametoka kwenye ukuta wa Mwalimu, na kama chokaa iko pande zote mbili, basi asubuhi yake imekwenda vizuri kuliko yako.

Mwalimu alitufundisha gofu. Jina alikuwa nalo kama watu wote, ila katika miaka tisa niliyomfahamu sikumsikia mtu akilitumia, hata mke wake. Alikuwa Mrangi wa Kondoa, mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya kufuma na shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni hata kwenye jua la kuchoma utosi. Kila asubuhi alikuja kwa baiskeli kutoka Zuzu, na akishuka, alishuka kama bwana harusi. Ya kuzaliwa kwake na ukoo wake sikuyauliza. Kwangu mimi alianza siku ile nilipofika uwanjani nimejishika kiuno kama mjamzito wa miezi tisa, ilhali mtoto wangu wa mwisho alikuwa darasa la tano.

Ofisi yetu ilikuwa imehamia Dodoma mwaka mmoja kabla. Ilihama na mafaili, na meza, na kiti changu, na kile kiti ndicho kilichoniua mgongo. Daktari alinipa vidonge akaniambia nitafute mazoezi. Mwenzangu wa ofisini, ambaye nilikuwa nikimwona na chokaa kila Jumatatu na kumdhania mchafu, akaninong'oneza: "Dada, nenda kwa Mwalimu. Wiki ya kwanza utamtukana. Wiki ya nne utampelekea zabibu."

Nikaenda.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kucheza au umekuja kulalamika?"

"Vyote viwili," nikasema, kwa sababu ndiyo ilikuwa kweli.

"Basi anza na kulalamika. Kalalamike pale ukutani."

Uwanja wenyewe msiuwazie ule wa kwenye televisheni, wa majani mabichi na vijito. Wetu ulikuwa ardhi nyekundu na miiba, na upepo wa Dodoma ambao hauna adabu. Mashimo yalichimbwa katikati ya duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari ili usipeperuke. Mbuzi walipita watakavyo. Mpira ukitumbukia kwenye alama ya kwato la ng'ombe, uliruhusiwa kuutoa bila adhabu, na watu wazima wenye shahada zao walibishana dakika kumi kama lile ni kwato au ni shimo la kawaida.

Ukuta ulikuwa wa stoo ya kuwekea fimbo za gofu. Ulipigwa lipu na kupakwa chokaa, na Mwalimu aliupaka upya mwenyewe kila mwezi. Wenye nyumba wote wanajua kwamba chokaa hutiwa chumvi ili ishike. Yeye hakutia. Aliitaka itoke. Mwanafunzi alisimama ameupa ukuta mgongo, katikati yao upana wa kidole kimoja, amekunja magoti kidogo na kuinama kutoka kwenye nyonga, mgongo umenyooka. Akivuta fimbo nyuma, kalio la kulia liuguse ukuta. Akishuka kupiga, la kulia liondoke, la kushoto liguse. Ni hayo tu. Ukimaliza mara thelathini, Mwalimu alisema, "Geuka nione," nawe ukageuka, uwe mkurugenzi, uwe padri, uwe mama wa watoto wanne, ukaonyesha makalio yako kwa ukaguzi. Chokaa pande mbili, nenda kapige mpira. Chokaa upande mmoja, rudi ukutani.

Nilirudi ukutani wiki tatu mfululizo, na huo ulikuwa mwanzo tu.

Lipu ya ukuta ule ilikuwa imelika ikafanya mabonde mawili, moja upande huu, jingine upande ule, kwa miaka ya makalio ya watu. Siku moja nilimwuliza kwa nini asitushike tu viuno akatugeuza, kama walimu wengine. Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue shati.

"Kiuno cha mtu ni cha mtu," alisema. "Mimi nitakishikaje kiuno cha mke wa mwenzangu? Au cha bosi wa watu? Ukuta hauna mke wala cheo, wala haumwonei mtu haya. Wacha uwashike wenyewe."

Kabla sijaendelea kumcheka, niseme jambo moja, maana bila hilo mtamwona kichekesho tu. Mtu huyu aliyenyoosha nyonga za nusu ya mji alikuwa na nyonga mbovu, ile ya kulia, na aliificha. Hakumwachia mtu yeyote aitazame. Nitalifikia.

Misemo yake ilikuwa mingi, na mingine aliitunga papo hapo kulingana na mtu. Kuhusu kusimama mbele ya mpira alikuwa na mmoja ambao naukumbuka hata nikipanga foleni benki: "Kaa kama mgeni asiyekaribishwa kiti." Yaani umeshaanza kukaa, makalio yamekwenda nyuma, magoti yamelegea, lakini mwenyeji hajasema kitu, kwa hiyo umebaki hapo na adabu zako. Jaribu sasa hivi ulipo. Ndiyo. Hivyo hivyo.

Mwingine ulihusu mikono. Watu wengi hupiga gofu kwa mikono kama wanaoua nyoka. "Kiuno kitangulie," alisema, "mikono itafuata. Mama akishatoka kwenda sokoni, watoto watabaki kufanya nini?"

Lakini vita yake kuu ilikuwa na kile alichokiita ugonjwa wa watumishi. Karibu wanafunzi wake wote tulikuwa watumishi wa serikali, na karibu wote tulikuwa na kosa moja: tukishusha fimbo, kabla haijafika kwenye mpira, kiuno kinasukumwa mbele na mwili mzima unainuka. Mpira unapigwa na ncha ya fimbo, unakwenda kuwasalimia mbuzi. Mwalimu alikuwa na maelezo yake.

"Ninyi mmezoea," alisema. "Mlango ukigusika tu, mnasimama. Hamjui hata aliyeingia ni nani. Pengine ni mleta chai, ninyi mmeshasimama. Mwili umezoea kuinuka mapema. Huku hakuna mheshimiwa anayekuja. Kaeni chini mpaka kazi iishe."

Mimi nilikuwa mgonjwa mahututi wa ugonjwa huo. Chokaa yangu ilikuwa upande wa kulia tu, mwezi baada ya mwezi. "Mama," alikuwa akiniambia, "nani ameingia ofisini kwako safari hii?" Nami nilirudi ukutani nikinuna.

Kulikuwa na mkurugenzi mmoja, mtu mwenye mwili ulioshiba, ambaye siku moja alitoka uwanjani moja kwa moja kwenda kikaoni bila kujipangusa. Nilikuwapo. Alisimama kwenda kuonyesha kitu ubaoni, akatupa mgongo, na chumba kizima kikaona: chokaa pande mbili, safi, kama mihuri. Hakuna aliyecheka. Ila mwenzangu wa ofisini alikohoa kidogo, na mtu wa kutoka wizara nyingine, ambaye sikumfahamu, akasema taratibu, "Hongera, mheshimiwa." Mkurugenzi hakugeuka. Akajibu, "Ilinichukua miezi sita." Mwenyekiti wa kikao akatutazama sote akidhani tunazungumzia bajeti.

Msidhani Mwalimu alikuwa mtakatifu. Alitufundisha kunyoosha mgongo huku mwenyewe amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amejikunja kama panzi. Tukimwambia, alisema mwalimu wa kuogelea halazimiki kulowa. Alichukia uvivu lakini alikuwa na hila za sungura. Habari ya Mlali ni shahidi wangu.

Ilikuwa msimu wa mvua, mahindi na alizeti vimefika magotini. Mwalimu alitutangazia somo la vitendo. "Hapa mnajifunza kwa ukuta," alisema. "Jumamosi mtajifunza kwa ardhi." Tukajipakia kwenye magari mawili, watu saba, na maji ya chupa na krimu za jua, mpaka Mlali huko Kongwa, ambako mke wake alikuwa na shamba alilorithi kwa mama yake. Tukakuta majembe saba yameegemezwa kwenye mti, yamenolewa.

Mke wa Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Aliinama mbele yetu kuonyesha, na hapo naapa sikuwa nimewahi kuona somo zuri zaidi. Aliinama kutoka nyonga, mgongo ukawa bapa kama meza, na jembe likapanda na kushuka bila yeye kuhema. Alikwenda mstari mzima hivyo. Mwalimu alimtazama kwa macho ambayo mume humtazamia mkewe wiki ya harusi.

"Mmeona?" alisema. "Huyu hajawahi kushika fimbo ya gofu. Lakini nyonga yake inajua inapokwenda."

Tukapalilia kutoka saa mbili mpaka saa saba. Mkurugenzi alipata malengelenge viganjani akayaonea fahari. Mchana tulikula ugali wa mtama na mlenda, tumekaa kwenye jamvi, hoi, na mtu mmoja akamshukuru mke wa Mwalimu kwa kukubali kutufundisha.

"Kufundisha?" mama alisema, akacheka mpaka akashika mbavu. "Wanangu, kila mwaka analeta darasa jipya wakati wa palizi. Mwaka jana walikuja wa benki. Wale walikuwa wazuri zaidi, walimaliza mpaka kule mtoni."

Tulimgeukia Mwalimu. Alikuwa anatafuna polepole, anatazama milima.

"Nani mgongo unamwuma?" aliuliza hatimaye.

Tukajikagua. Nilijigusa kiuno changu, kile kilichokuwa kikiniamsha kwa maumivu kila nikijigeuza kitandani, na hakikuuma. Mikono iliuma, mapaja yaliuma, nafsi iliuma kwa kudanganywa, lakini mgongo ulikuwa kimya kabisa. Nilimsamehe palepale. Juma lililofuata nilimpelekea zabibu.

Kuna jambo moja ambalo hakulitania kamwe. Adhuhuri ikiingia, alikunja somo popote lilipofikia, akatawadha kwa maji ya kidumu, akatandika mkeka nyuma ya stoo na kuswali. Mimi ni Mlutheri, lakini nimekulia mtaa wa Waislamu na rukuu naijua nikiiona. Siku moja nilikuwa ukutani peke yangu, nikamwona kwa pembeni anainama. Nyonga zilirudi nyuma, mgongo ukanyooka, viganja vikatua magotini, akatulia. Nikasema moyoni: kumbe ni hii! Miezi yote anatutesa na mgeni asiyekaribishwa kiti, wakati mfano bora anaufanya kila siku mbele yetu.

Alipomaliza nilimweleza ugunduzi wangu, nikijiona mwerevu sana. Hakucheka. Alikunja mkeka kwanza.

"Nimeliona hilo kabla hujazaliwa," alisema. "Lakini ile ni ya Mungu, hii ni ya mchezo. Usichanganye. Mtu akiniambia mpira wangu umekwenda kombo, nacheka. Ile sitaki mtu aipime."

Sikulirudia tena.

Sasa nyonga yake. Ilianza na baiskeli. Yule bwana harusi aliyekuwa akishuka kwa madaha alianza kushuka kwa kuiinamisha baiskeli karibu ilale. Kisha pale getini likatokea jiwe, jiwe kubwa lisilokuwapo zamani, na wakati wa kurudi Zuzu alipanda jiwe kwanza ndipo apande baiskeli. Tukamwuliza, akasema tandiko limepanda juu. Akichechemea, alilaumu kiatu. Akabadilisha viatu, mguu ukaendelea kuchechemea, akalaumu fundi viatu. Sisi, watu tulioelimika kabisa, tulinyamaza, kwa sababu alikuwa mzee na alikuwa Mwalimu, na kwa sababu kunyamaza ni rahisi.

Kisha akaja mwanafunzi mpya, mhadhiri wa chuo kikuu, ambaye hakuelewa kitu mpaka akitazame kwa macho. Mwalimu alimweleza mara tatu. Mara ya nne akainuka kwenye ndoo yake, akasema, "Nitazame mimi," akaenda ukutani mwenyewe. Ilikuwa muda mrefu hatujamwona akipiga. Tulikusanyika sote. Alivuta fimbo na kuishusha, akavuta na kuishusha, na kwa mtu asiyejua ulikuwa uzuri mtupu.

Lakini alivaa suruali nyeusi. Alipoondoka ukutani niliona upande wa kushoto umeota chokaa nzito, na upande wa kulia ni mweusi kama sufuria ya kuni. Nyonga ya kulia haikuwa imerudi nyuma hata mara moja. Ilikuwa imekataa. Na mimi, mdomo wangu huu ambao mama yangu aliulalamikia tangu utotoni, ukafunguka mbele ya watu wote:

"Mwalimu, chokaa iko upande mmoja."

Alijipapasa. "Chokaa imekauka," alisema.

"Imekauka upande wa kulia tu?"

Hata upepo ulitulia, jambo ambalo Dodoma ni nadra. Mwalimu alinitazama, na sikuona hasira machoni mwake. Niliona woga, na hilo lilinitisha zaidi.

"Somo limekwisha," alisema. Akachukua baiskeli, akapanda jiwe, akaondoka.

Nilijiona mshenzi. Kumwaibisha mzee mbele ya wanafunzi wake, tena kwa sheria yake mwenyewe! Wiki nzima hakuja uwanjani. Jumamosi nikabeba zabibu kikapu kizima, nikaenda Zuzu kuomba radhi. Hakutoka chumbani. Mke wake alinipokea nje, tukakaa, na kwa mara ya kwanza ile sauti ya kuita ng'ombe ilikuwa ya chini.

"Ana karatasi ya hospitali miaka miwili sasa," aliniambia. "Fupa la nyonga limelika. Wanataka kumwekea la chuma. Anakataa."

"Anaogopa kupasuliwa?"

"Kisu? Huyu?" Alitikisa kichwa. "Walimwambia baada ya hapo ataswali juu ya kiti. Miezi kadhaa, wakasema, kisha tutaona. Yeye amesikia ile tutaona tu. Ananiambia, miaka yote nimeinama kwa Mungu wangu, leo nikamkalie kitini kama ofisa? Mwanangu, haogopi kisu. Anaogopa kiti."

Nilimwachia zabibu, nikasema kwa sauti, ili chumbani kusikike, kwamba naomba radhi, na kwamba mgongo wangu haujaniuma tangu Mlali.

Mfungo wa Ramadhani ukapita, na Idi ikapita. Kisha asubuhi moja niko ofisini, simu ikalia. Alikuwa mke wake.

"Ameingia kupasuliwa sasa hivi," alisema. "Kabla hawajamwingiza ameniambia nikupe salamu. Ameniambia nikwambie kwamba chokaa haikuwa imekauka."

Nililia mezani kwangu, katikati ya mafaili, nikacheka, nikalia tena. Mwenzangu wa ofisini alidhani nimefiwa.

Siku ya mwisho ninayotaka kuwasimulia ilikuwa Makole, kwa binti yake, ambako walihamia ili wawe karibu na hospitali. Ilikuwa miezi minne baadaye. Nilimtembelea mara kadhaa katikati, na kila mara nilimkuta mnyonge. Mguu ulikuwa unapona, alitembea kwa mkongojo mmoja, hakulalamika maumivu. Lakini muda wa sala ukifika alivuta kiti cha mbao, cha mgongo ulionyooka, akakaa juu yake kwa uso wa mtu aliyepewa adhabu.

Siku hiyo nilifika alasiri kwa miguu, jua kali, nimechoka. Nikamsalimia, akanijibu, na kabla hata ya kunikaribisha maji akaninyooshea kidole ukuta wa uani. Sehemu ya ukuta, upana wa mlango, ilikuwa imepakwa chokaa mpya.

"Binti yangu amenuna," alisema, "lakini daktari wa mazoezi amefurahi. Anasema ndiyo zoezi lenyewe. Mimi nafanya kila siku mara kumi. Wewe fanya thelathini."

"Mwalimu, nimevaa sketi ya ofisini."

"Ukuta hauna haya."

Nikafanya thelathini. Nilipoingia ukumbini nilikuwa hoi, nikajibwaga kwenye kiti cha kwanza nilichokikuta. Mke wake alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Alinisogelea, akaniambia kwa mnong'ono, "Daktari amemruhusu kuinama tangu juma lililopita. Kasema nyonga iko tayari, sijida tu ndiyo isubiri. Lakini kila siku anavuta kiti. Anaogopa ajaribu, ishindwe, ajue kuwa imeshindikana moja kwa moja."

Adhana ikasikika kutoka msikitini. Mwalimu akaingia akitoka kutawadha, maji yakimtiririka kwenye viwiko. Akatandika mkeka, akaweka mkongojo chini, akageuka kutafuta kiti. Ndipo nilipogundua nimekalia nini.

Kiti cha mbao, cha mgongo ulionyooka.

Nikaanza kuinuka. Bila shaka nikaanza kuinuka. Ndio ugonjwa wangu. Lakini mkono wa mke wake, mkono wa jembe ule, ulitua begani kwangu na kunididimiza.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Usiinuke mapema."

Mwalimu alinitazama, akamtazama mkewe. Alikuwa mtu wa adabu. Kumwinua mgeni kitini hakuweza. Sikuwahi kukaa mahali kwa taabu namna ile. Kila mfupa mwilini mwangu ulitaka kumpisha mzee kiti chake, na mke wake alinielemea kwa uzito wote wa Mlali.

Aligeuka kuelekea kibla, akainua mikono.

Alisimama muda mrefu, akisoma kwa kimya. Kisha akaanza kuinama. Aliteremka polepole, kama mtu anayeshusha ndoo ya maji iliyojaa. Goti la kulia lilitikisika, likatulia. Nyonga zikarudi nyuma, zote mbili, sawasawa. Mgongo ukanyooka. Viganja vikafika magotini, vikatua, naye akabaki hapo.

Alipoinuka na kusimama wima, mkono wa mke wake uliniachia bega. "Sasa," alisema. Nikainuka. Akakisukuma kiti taratibu nyuma ya mumewe, na Mwalimu akaketi kwa ajili ya sijida, kwa ishara, kama daktari alivyotaka. Rakaa nne, na rukuu zote nne akiwa amesimama. Mimi nilisimama karibu na mlango nikitazama sakafu, kwa sababu nilikumbuka alichoniambia.

Alipomaliza alikaa kitambo ameinamisha kichwa. Kisha akakunja mkeka, akauweka mahali pake, akajipangusa uso.

"Uliona?" aliniuliza.

"Sikuona kitu, Mwalimu. Ile si ya kupimwa."

"Hm." Alitazama mkongojo wake uliolala chini, wala hakuuchukua. "Leo nakuruhusu. Mara moja tu. Niambie, mgongo ulikuwaje?"

"Umenyooka kama meza. Na hukuinuka mapema."

Mke wake alikuwa amerudi kwenye ungo wake, anachambua mchele ambao ulishakwisha kuchambuliwa. Mwalimu alitikisa kichwa kukubali mara mbili, taratibu. Niliona kidevu kinamchezacheza, akakikaza. Akavuta pumzi, akajisawazisha, akawa yule yule wa miaka tisa.

"Haya," alisema. "Na wewe geuka nione."

Nikageuka. Akaitazama sketi yangu ya ofisini kwa makini yake yote.

"Kulia tu," alisema. "Rudi ukutani."